Rimma Osipovna Anaiaga Rasi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Rimma Osipovna Belyakova anastaafu kazi ya ufundi katika kituo chetu cha majaribio kule rasini, nje ya mji wa Vladivostok.

Alianzia hapa maabarani mjini, kwenye beseni la dawa linalopitishwa umeme, akivivisha vibamba vya aloi ya magnesi gamba la kauri. Metali hii ni nyepesi ajabu, lakini chumvi ya bahari huitafuna hadi ibaki unga mweupe. Ndiyo maana vibamba hutundikwa rasini, upepo uvipige upendavyo, tuone kama gamba litastahimili. Mlinzi wa kituo, Tikhon, alimwoa, naye akahamia huko. Tikhon alipofariki tulidhani atarudi mjini. Hakurudi. Alisema vibamba havijamaliza majira yao ya baridi.

Kila asubuhi alitupigia simu kutueleza hali ya vibamba. Akishamaliza, huuliza mchana tunakula nini, nani kapika, na kama kimekolea chumvi. Wafanyakazi wapya walidhani ni sehemu ya utafiti.

Mwaka baada ya mwaka kauri ilishindwa. Chumvi ilipenya kwenye vitundu vyake vidogo ikaila metali kwa chini. Uongozi ukataka kukifunga kituo. Rimma akaomba baridi moja zaidi, kwa vibamba vipya ambavyo vitundu vyake tulikuwa tumeviziba. Januari dhoruba iling'oa fremu nzima; akaifunga upya peke yake, barafu ikimganda kwenye nyusi.

Aprili akapiga simu.

"Hakuna hata doa," alisema. "Jamani, huku sina wa kumwonyesha. Njooni basi."

Tulikwenda sote, mkurugenzi akiwemo. Rimma alikuwa amepika pelmeni, vifurushi vya unga vyenye nyama ndani, za kushibisha meli nzima. Alisimama mlangoni akitutazama tunavyogombania malai ya kuzichovya, mwenyewe asionje hata moja. Kituo hakikufungwa.

Sasa anahamia mjini. Tulimtafutia nyumba tulivu inayotazama bahari, akaikataa. Amechagua chumba juu ya duka la mikate, ukuta mwembamba, jirani mwenye watoto wanne na akodioni.

"Utulivu nimeushiba," alituambia.

Rimma Osipovna, tunakushukuru kwa kila kibamba na kila asubuhi. Uwe na afya njema, na majirani wa kukugongea mlango bila sababu yoyote.