Piano Yangu Iingie Kanisani

Sogeeni, wanangu, pumzi iliyobaki si ya kupigia kelele. Thaddeus, legeza hiyo kola ya uchungaji; leo nasema na mtoto niliyempangusa kamasi. Nawe Vernita, binti yake, acha kulia, utalia nikishafukiwa.

Nyumba ni yenu wote wawili. Asiyeelewana na mwenzake akalale bandani. Jirani yangu Eulalie nimemsamehe ugomvi wa uzio, ila bakuli langu la viazi vitamu asipewe.

Lililo zito ni piano. Wale wa makumbusho ya Memphis wanaitaka, ila kwanza wazing'oe pini nilizochomeka kwenye vinyundo vyake vya ndani vinavyogonga nyuzi, ilie kama ya harusini. Kilabuni kwa baba yako Purvis, Thaddeus, pale nyuma ya kiwanda cha pamba, watu walicheza hadi sakafu ikapasuka, kambare wakikaangwa, walevi wakitukanana. Piano ya kistaarabu ingesikiwa na nani? Nikaitia meno. Vijana wa mjini wakaja na magitaa yao, wakasikiliza, wakaenda kurekodi, dunia ikasema wamevumbua rokenroli. Kuku hutaga, jogoo huwika.

“Mama, huo ni muziki wa shetani.” Umeniimbia hayo tangu uanze kunyoa ndevu. Mapigo yale ya mkono wa kushoto nilifundishwa na mama yangu, kanisani, watu wakishukiwa na Roho. Waumini wako kila Jumapili wanaruka kwa mapigo yale yale, nawe unaitikia Amina. Sasa nani alimwibia mwenzake?

Basi shikeni neno langu: piano naliachia kanisa lako, pamoja na pini zake, na Vernita ataipiga siku ya maziko yangu, ndani, si uani. Ukikataa, mchungaji mwingine atanizika, nawe ukae nyumbani unililie peke yako.

“Lakini Mama, wazee wa kanisa...”

Wazee gani? Nusu yao walipatia wake kwa Purvis! Wakibisha, waulize walijulia wapi kucheza.

Unakubali? Usinitingishie kichwa kama mbuzi, sema kwa mdomo.

Haya. Nimekusikia.

Mungu awape riziki, wanangu... awape na masikio. Vernita, nenda ukaipige, mlango uache wazi. Mbona polepole, mtoto? Polepole ni ya wafu, mimi bado... Kaza mkono wa kushoto... Thaddeus, mwache, usimzuie... hivyo... hivyo hivyo...