Papa Aliyetaka Kumzuia Mwaja

Kijiwe chetu kilikuwa mtumbwi uliopinduliwa kifudifudi kando ya kivuko cha mto Kagera, chini ya vilima vya Kaisho. Kiboko aliutoboa ubavu mwaka juzi, na tangu hapo hauendi popote, sawasawa na sisi tunaoukalia. Sisi wenye maduka ya nguo na chumvi tulikaa hapo kila asubuhi baada ya kufungua milango na kabla ya kukumbuka kuwa tumeifungua. Kahawa ilikuwa ya Mwaja, ya kuchemsha kipwani, kwenye mdila, lile birika la shaba. Lakini asubuhi hiyo ya mwaka 1909 Mwaja alikuwa na kibunda miguuni. Mama yake, huko karibu na Pangani, alikuwa amemletea salamu: magoti yamechoka, njoo nikuone. Msafara wa ngozi ulikuwa uondoke adhuhuri kwenda Bukoba. Kutoka hapo kuna meli hadi Kisumu, treni hadi Mombasa, mashua hadi kwa mama. Mumewe, Gharib, alikuwa ameapa mbele yetu sote: baraza likisema njia ni salama, aende, likisema si salama, abaki.

Gharib tulimwita Nahodha. Alizaliwa pwani, akaletwa huku mgongoni mwa mama yake kabla hajajua kutambaa, na tangu hapo hajaongoza chombo chochote isipokuwa punda, naye punda alilalamika.

NAHODHA: Mimi simkatazi mtu. Meli sina ugomvi nayo. Treni, haya. Shida ni kule mwisho. Mashua haifiki mchangani, jamani. Unashuka kwenye maji ya kiunoni, unatembea hatua ishirini. Na humo ndimo alimo papa.

SHEHE: Hatua ishirini ni nyingi.

Shehe alikuwa mkubwa wetu, muuza chumvi, mtu wa pole na tumbo.

MWAJA: Kwako ni nyingi, Mzee Shehe. Kutoka dukani hadi hapa ni hatua arobaini na unapumzika mara mbili.

Abdulatifu akajisogeza mbele. Huyu tulimwita Shahidi, maana hakuna jambo lililotokea duniani ambalo hakuwapo, pamoja na machache yaliyotokea kabla hajazaliwa.

SHAHIDI: Papa nimemwona mimi. Bagamoyo. Urefu wake ni kutoka hapa hadi kwa yule mbuzi.

Tukamtazama mbuzi. Mbuzi akasogea mbele kidogo, akang'ata jani.

SHAHIDI: Hadi pale alipo sasa.

NAHODHA: Na pua yake, bwana we. Ukijikata kidole Unguja, papa aliyeko Lamu anaacha chakula chake.

MWAJA: Anaacha chakula kizima afuate kidole?

NAHODHA: Ndio ulafi wenyewe huo.

SHEHE: Hebu nisikilizeni mimi. Chumvi nimeuza miaka thelathini, naijua. Papa amezaliwa ndani ya chumvi, anakula chumvi, analala kwenye chumvi. Sasa moyo wake unatamani nini? Kitu kisicho na chumvi. Na sisi wa huku tunalelewa kwa ndizi, na Mwaja naye ameshazizoea. Papa akimpata mtu wa ndizi, habakizi hata ukucha.

SHAHIDI: Kweli tupu. Nilikuwapo. Watu wawili walisimama majini, mmoja wa pwani, mmoja wa Karagwe hii. Papa akafika kwa yule wa pwani, akamwomba radhi, akapita.

MWAJA: Alimwomba radhi kwa lugha gani?

SHAHIDI: Kwa kichwa. Aliinamisha.

MWAJA: Na huyo wa Karagwe aliitwa nani?

SHAHIDI: Jina lilikwenda naye.

Mwaja akatumiminia kahawa. Vikombe vya kwanza vilijaa. Hivi vilifika nusu. Kule juu kilimani wapagazi wa msafara walikuwa wameanza kukaza kamba za ngozi.

NAHODHA: Nanyi mmesahau Mombasa. Treni inapita juu ya maji kuingia mjini. Mnafikiri papa wa pale hajajifunza saa zake? Anakaa chini ya daraja, mdomo wazi, anasubiri dirisha.

SHEHE: La haula.

NAHODHA: Basi. Baraza limesikia. Anayesema si salama anyooshe mkono.

Mikono ilikuwa imefika mabegani pale mtumbwi wa kuvushia watu ulipogonga ukingo. Akashuka mama mmoja kutoka ng'ambo, kikapu cha maharage kichwani, miguu imelowa hadi magotini. Hatukuwa tumewahi kumwona.

ASIA: Shikamooni. Mimi naitwa Asia. Naleta maharage kwa wenye msafara.

Kwa adabu za huku, alitoa kwanza kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani na kukaushwa. Tukachukua punje, tukatafuna.

ASIA: Huyu dada amefunga mzigo, macho mekundu. Kuna msiba?

Shehe akamweleza yote, mama, magoti, hatua ishirini na papa.

ASIA: Papa ndiyo nini?

SHAHIDI: Samaki. Mkubwa mno. Ana meno.

ASIA: Mimi sijamwona.

MWAJA: Utamwona sasa hivi. Yule pale.

Akanyoosha kidole mlangoni kwa Gharib. Vipande vya papa mkavu vilikuwa vinaning'inia, vilivyofika na msafara uliopita, na harufu yake ikiwa imefika kabla yake.

MWAJA: Tunampika na ndizi.

ASIA: Kumbe ndiye anayeliwa.

NAHODHA: Huyo ni mkavu, mama. Akiwa mbichi ni mwingine.

ASIA: Haya. Na mama yako, dada, anafanya kazi gani huko?

MWAJA: Anatanda uduvi. Anaingia baharini na wenzake, maji ya kifuani, wanashika kitambaa wanakokota vile vidudu vidogo. Tangu kabla sijazaliwa.

ASIA: Na miguu anayo?

MWAJA: Yote miwili. Ndiyo inayomuuma.

Shehe akacheka, kahawa ikampalia.

MWAJA: Wala mama hasemi papa hana meno. Anasema usiingie pale wavuvi wanapomwaga matumbo ya samaki, wala kwenye maji ya matope. Papa anapita, ana shughuli zake.

SHEHE: Basi niseme ukweli. Baba yangu mdogo aliumwa na papa. Lakini ilikuwa mchangani, anamchomoa ndoana mdomoni. Hata mimi ningeuma.

NAHODHA: Mzee, uko upande gani?

Asia akatua kikapu chake.

ASIA: Naomba kuuliza. Maji ya kahawa yenu yanachotwa wapi?

SHEHE: Si hapa hapa mtoni?

ASIA: Nani anachota?

SHEHE: Mwaja. Kila alfajiri.

ASIA: Hapa mamba alimchukua Kamugisha. Kabla yake alimchukua Bitegeko, na ndama wake. Majina tunayo. Na huu mtumbwi mliokalia, kiboko aliutafuna. Sasa kati yenu, nani amewahi kumkataza dada huyu asiende kuchota?

Nikamtazama Nahodha, Nahodha akamtazama Shehe, Shehe akautazama mtumbwi chini ya makalio yake kama ndiyo kwanza auone.

SHEHE: Shahidi, wewe si huwapo kila mahali?

SHAHIDI: Hapo sikuwapo.

Mikono yote ilikuwa imerudi mapajani. Shehe akajikohoza, akatamka kwa niaba ya baraza kwamba njia ni salama. Asia akapiga vigelegele hata mbuzi akakimbia.

Nahodha akainama karibu na mkewe.

NAHODHA: Na usiporudi, Mwaja?

MWAJA: Huyo ndiye papa wako, bwana. Ungelisema tangu asubuhi. Nitarudi. Nina mume asiyejua kuchemsha kahawa, nitamwachia nani?

Akaupindua mdila. Likatoka tone moja, likamwangukia Shehe kikombeni. Akamkabidhi Nahodha mdila mtupu, akajitwika kibunda, akapanda mlima kwenda kwa wapagazi kama bibi harusi.

Tukabaki na vikombe vikavu. Tukamtazama Nahodha. Nahodha akasimama kiume, mdila mkononi, akashika njia ya maji, nasi tukamhesabia hatua kwa sauti. Ya kumi na saba. Ya kumi na nane. Kwenye ya kumi na tisa, kitu tulichodhani ni gogo kikafumbua jicho katikati ya mto.

Nahodha akasimama. Akaukumbatia mdila.

Kutoka juu kabisa ya kilima, msafara ukiwa umeshaanza kwenda, ikatufikia sauti ya Mwaja:

— Nenda tu, Nahodha. Ni hatua moja.