Fundi Hakai, Aliyewapimia Kuku Mahali pa Kulala

Ndugu, jamaa na majirani, kaka yangu ameniomba nisome polepole. Nitajaribu. Mimi ni kitinda mimba wa marehemu, na wote mnajua haraka hii nimeirithi kwa nani.

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano wa mlinzi wa ghala na mshonaji wa nguo. Shangazi, dada yake mkubwa, ambaye ameketi hapa mbele, anasema mkunga aliitwa, akavaa viatu, akafika na kumkuta mtoto keshatoka na analia. "Hakumngoja mtu," husema Shangazi, na mpaka leo analisema kwa lawama.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965. Alikuwa mfupi, na madawati yote ya shule ile yalikuwa ya kimo kimoja. Miguu yake ilining'inia ikafa ganzi, kwa hiyo kila mara aliinuka kuinyoosha. Mwalimu wa hesabu akamuuliza mbele ya wenzake, "Wewe hukai?" Darasa zima likamjibia, "Hakai!" Jina likamganda. Hata alipokuwa mtu mzima, wageni wakiuliza mtaani Fundi Hakai anakaa wapi, watu walicheka kwanza ndipo wakaelekeza.

Mwaka 1967 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu useremala mwaka 1969, na Januari 1970 akaajiriwa katika karakana ya samani za shule, alikofanya kazi miaka thelathini na sita. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga randa mbao za madawati, yote kimo kimoja, kama yale yaliyomtesa. Hakuvumilia. Siku zake za mapumziko alikwenda shuleni na futi yake, akawapima watoto kuanzia kisigino hadi nyuma ya goti, akamwandikia meneja kwamba mtoto wa darasa la kwanza na wa darasa la saba hawawezi kukalia kitu kimoja. Hakujibiwa. Akaandika tena. Baada ya barua ya nne, karani wa ofisi, binti mwenye mwandiko mzuri na subira kidogo, alishuka mwenyewe karakanani.

"Fundi, barua zako hazisomwi na mtu ila mimi."

"Basi nitaendelea kuandika," akajibu marehemu.

Madawati ya vimo vitatu yalianza kutengenezwa mwaka 1975, kwa sababu karani yule aliichapa barua ya saba kwa mashine na kuiweka juu kabisa ya faili. Huyo ndiye mama yetu. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Agosti 1976, wakajaliwa watoto watatu.

Kabla ya ndoa Mama alimpa sharti moja tu. Alitaka mtu wa kukaa naye jioni wakazungumza, bila nyundo, bila futi, bila kuinuka katikati ya sentensi. Marehemu alikubali bila kusita, kisha akaanza kuahirisha. "Watoto wakishakua." Tukakua. "Nikistaafu." Sisi watoto tulilifanya utani, na leo naona haya, kwa maana ndilo jambo pekee Mama aliloliomba kwake maisha yake yote, na halikuwa utani.

Alistaafu Juni 2006. Hadi wiki ya pili alikuwa ameshabomoa kabati la jikoni na kulijenga upya mara mbili. Mama akanunua kuku sita, akidhani watamweka mzee nyumbani. Mwenyewe anakiri kwamba hapo alikosea. Kuku walimweka nyumbani kweli, lakini uani, na tangu siku hiyo Mama akawaita wake wenza.

Banda lake la kwanza lilikuwa na fito za kulalia zilizopangwa kama ngazi, na kwa kuwa marehemu alilelewa kuheshimu wakubwa, alimpa kuku mzee kuliko wote ufito wa juu kabisa. Kuku huyo tulimwita Bibi. Kila jioni marehemu alimnyanyua kwa mikono miwili na kumkalisha juu, na kila asubuhi Bibi aliruka chini kwa kishindo. Baada ya miezi miwili akawa anachechemea, wayo umemvimba. Aliyetambua ni jirani yetu muuguzi.

"Mzee, umempa heshima ya watu. Yeye anataka heshima ya kuku."

"Ndiyo ipi hiyo?"

"Asiruke."

Marehemu alikosa raha. Aliniambia kwa simu kwamba amemvunja mzee wa watu kwa adabu, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Akabomoa ngazi yote. Vifaranga waliokwishaota manyoya akawawekea vijiti vyembamba, shubiri moja tu kutoka sakafuni, wajifunze. Mitetea, ambao wanapenda kupanda na hawasikii la mtu, akawapa ufito wa kimo cha kiuno, wenye upana wa vidole vitatu, ili kuku akilala manyoya yafunike kucha zake. Kuku wazee akawashushia ufito wao hadi chini ya goti, na ubao wa mteremko wenye vipande vilivyopigiliwa, wapande kwa kutembea. Hakuna aliyelala chini ya mwingine, asije akaamka amechafuliwa. Kingo zote alizipiga msasa, kisha akazipitisha shavuni kuhakikisha. Bibi aliishi miaka mitatu zaidi.

Lakini kuku hawabaki na umri mmoja. Kifaranga anakuwa mtetea, mtetea anazeeka, na marehemu aliwafuata na futi. Alilibadilisha banda lile mara kumi na moja. Majirani walimwita akawajengee ya kwao, akaenda. Jioni Mama alitenga vikombe viwili vya chai, akanywa kimoja, kisha akanywa na cha pili.

Novemba 2021 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari aliandika kwenye cheti, kwa herufi kubwa, APUMZIKE. Mama alikibandika kwenye mlango wa mbele. Marehemu akakisoma vizuri, akatokea mlango wa nyuma.

Tarehe 9 Aprili mwaka huu aliruhusiwa kutoka hospitali. Miguu ilikuwa imevimba, na akilala chali pumzi ilikata, kwa hiyo ilibidi akae mchana kutwa kwenye kiti cha sebuleni. Tulifikiri sasa Mama amempata. Lakini aliomba kiti kielekezwe dirishani, alione banda. Mama alikaa pembeni yake akizungumza na sikio. Jumanne, tarehe 6 Mei, saa kumi na moja jioni, marehemu alisema, "Yule mwekundu amezeeka. Ona, anashindwa kupanda."

Mama akamjibu, "Nikikushushia ufito huo, utageuka unitazame?"

"Nitageuka."

Mama alichukua nyundo, akaenda uani. Mimi nilikuwa jikoni nikizunguka bila kazi ya maana. Nilisikia nyundo ikigonga, nikasikia kiti kikiburutwa, nikadhani ni kaka. Mama aliporudi, mikono ina vumbi, alimkuta marehemu amekigeuza kiti mwenyewe. Kilikuwa kinatazamana na kiti cha Mama. Alikuwa ameshafariki. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Mama hakulia papo hapo. Alisema, "Siku aliyokaa, mimi ndiye niliyekuwa nje." Tumemwambia si kosa lake, naye anasema anajua, kisha anainuka tena.

Tunamshukuru daktari, jirani yetu muuguzi na mafundi wenzake waliotengeneza jeneza hili. Walinitumia ujumbe kuomba vipimo vya mzee, nikacheka peke yangu, halafu nikalia. Na kwa wale wanaoulizia chinichini: kuku hawachinjwi. Mama amekataa.

Marehemu ameacha dada mmoja, watoto watatu, wajukuu watano na kuku kumi na saba wa marika manne. Ameacha mjane, ambaye tangu Jumanne kila anayeingia pale nyumbani humshika mkono na kumwambia, "Kaa chini, mama." Nawaomba msimwambie tena. Mwacheni atembee. Akitaka kukaa, sogezeni kiti, nanyi mkae naye.

Baba, tulia. Sisi tutatulia tukiweza.