Bedan Gathogo na Kistari cha Mwisho wa Mstari

Marehemu Bedan Gathogo Kagwe alizaliwa Kalimoni mwaka 1911, mtoto wa pili wa hayati Kagwe na Mama Wamboi. Alisoma shule ya misheni karibu na Ruiru hadi darasa la nne, akaacha baba yake alipofariki.

Tarehe 3 Februari 1936 aliajiriwa na kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Thika, akawa mpanga herufi. Alizipanga herufi za risasi moja moja, akinong'ona kila neno, hata wenzake wakamtania kwamba anasali. Mwaka 1938 alifunga ndoa na Idah Wangeci kanisani Ruiru.

Wengi wetu tunamkumbuka kwa kisa cha mwaka 1954. Kiwanda kilikuwa kikichapa kitabu cha watu wazima wanaojifunza kusoma. Neno lisipoenea kwenye mstari hukatwa kwa kistari, kipande kingine kikashuka mstari wa chini. Msimamizi, Mzungu, aliagiza maneno yakatwe kwa kanuni za Kiingereza: nyum-ba, shin-da.

"Bwana, hakuna anayetamka hivyo," marehemu alimwambia. "Ni nyu-mba."

"Panga ulivyoambiwa, au utafute kazi kwingine."

Na wakati ule wa Hali ya Hatari, Mkikuyu asiye na kazi hakuachwa akae mjini.

Jumamosi alibeba karatasi ya majaribio hadi nyumbani, akampa mkewe, ambaye naye alikuwa akijifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Idah akafuata kwa kidole: "Mama yuko ndani ya nyum..." Akashuka mstari. "Ba. Baba Nyawira, huyu Ba ni nani?"

Marehemu hakucheka. Jumatatu alifika kazini mapema, akarekebisha kurasa zote nane bila ruhusa, kisha akamwita mkewe asome karatasi zote mbili, ile ya awali na hiyo mpya, mbele ya msimamizi. Ya kwanza Idah aliisoma akikwama kila penye kistari. Ya pili aliisoma bila kukwama. Msimamizi akasema, "Chapa hizo zako."

Kifua kilianza kumsumbua Mei 1958. Alilazwa mara tatu, na hata wodini alikuwa akisahihisha magazeti ya wagonjwa wenzake kwa penseli. Aliaga dunia adhuhuri ya Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1959, Idah akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Idah. Watoto wao Nyawira na Kagwe. Na mama yake mzazi, Wamboi. Mama hakupata kujifunza kusoma, ndiyo maana karatasi hii inasomwa polepole, asikie kila neno lililosemwa juu ya mwanawe.

Pumzika salama, Baba Nyawira.