Wimbo Gani wa Munir?

Benchi lile liko nje ya duka la kinyozi, hapa Halab, mji wa Shamu, mtaa wa Jdeideh, na wanaolikalia wanajijua. Yupo Sikio, fundi cherehani mstaafu, ambaye mji mzima unamwamini kwa kusikiliza nyimbo. Yupo Pilipili, muuza viungo. Na yupo Wakili, ambaye mahakamani hajawahi kukanyaga ila kubisha ndiyo kazi yake. Jioni hii ni arobaini ya Ustadhi Munir Sabuni, mtunzi, na Sikio kamwahidi binti wa marehemu kwamba utaimbwa wimbo mmoja wa babake, na jina lake litajwe, walau mara moja. Haya, wimbo gani? Maana Munir maisha yake yote kila alipotunga, alisimama na udi wake wa nyuzi akasema: "Huu ni wa kale, mtunzi hajulikani." Wasikilizaji wa Halab majeuri, bwana. Ukiwaambia wimbo ni mpya wanatafuta viatu vyao. Ukiwaambia wa kale, wanalia.

— Ule wa mwezi na mkomamanga, alisema Sikio. Ule wake. Nimekata shauri.

— Thubutu! Wakili akadakia. Ule babu yangu aliuimba akiwa jeshini kwa Waturuki. Usitutie aibu mbele za watu.

— Babu yako si alikuwa bubu?

— Alikuwa bubu uzeeni!

Pilipili akacheka mpaka kikombe kikamwagika.

— Mnahangaika bure nyie. Munir hajatunga hata mmoja. Alikuja dukani kwangu kununua bizari, nikamuuliza, ustadhi, siku hizi umetunga nini? Akaniambia, sijatunga, nimekumbuka.

— Kakumbuka za nani?

— Za wafu! Wafu wa Andalusi, kule Hispania ya Waarabu wa zamani, walikuwa wanamjia usingizini, wanamwimbia, yeye anaamka anapiga.

— Wafu hao walijuaje nyumba yake? Wakili akauliza. Sikilizeni. Mambo ni kinyume kabisa. Munir katunga zote.

— Zote zipi?

— Zote! Halab hakuna wimbo wa kale. Mji huu ulikuwa kimya mpaka alipozaliwa Munir.

— Na babu yako jeshini je?

Wakili akapiga funda la kahawa, akafikiri.

— Labda walikuwepo akina Munir wawili.

Sikio akashika kichwa. Alikuja na nyimbo tatu za kuchagua, sasa hana hata mmoja, hata ule wa mkomamanga, aliokuwa na hakika nao tangu asubuhi, ameanza kuushuku.

Lamis, binti wa marehemu, akatokea kwenye kona na nguo zake nyeusi.

— Salaam aleikum, ami. Waimbaji wananiuliza. Wimbo gani?

— Mwanangu, hapa tumechanganyikiwa, Sikio akasema, na aibu ikamjaa usoni. Nisamehe.

— Basi niambieni huu mmoja tu. Baba alikuwa akinibembeleza nao. Huu nao ni wa kale?

Akaanza kuuimba kwa sauti ndogo. Hata mstari wa pili haujafika, wazee wote watatu walikuwa ndani ya wimbo, Pilipili anapiga goti, Wakili kafumba macho.

— Aa, huu! Sikio akasema. Huu wa kale hasa, nani asiyeujua? Huu uliimbwa harusini kwangu!

— Nani aliuimba?

— Baba yako.

— Kwangu uliimbwa tohara ya mwanangu, Pilipili akasema. Aliuimba... Munir.

— Kwetu maulidi, Wakili akasema. Munir vilevile.

— Na kabla ya hapo, Lamis akauliza, mliusikia kwa nani?

Sikio akaenda mbali kimawazo, kwenye harusi za kaka zake, kwenye hamamu, bafu la watu wote, alikopelekwa na mamake akiwa bado mtoto wa kubebwa, uani kwa babake, wanaume wameketi na udi umeshikwa. Nyimbo zilikuwa tele, akazisikia moja moja. Huu hakuusikia popote kabla ya Munir. Machozi yakamlengalenga, akawageukia wenzake wamsaidie. Pilipili alikuwa anatazama viatu vyake, na Wakili kainamia kikombe chake.

Lamis alikuwa bado amesimama, anasubiri jibu.