Taa ya Injini Siku ya Dansi ya Tahlia

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate, hapa Elizabeth, kaskazini mwa Adelaide, na Jumamosi haipiti bila sisi watatu kukaa pale na paketi zetu za kahawa ya barafu. Kadogo ana mwili wa friji mbili, ndiyo maana tukamwita Kadogo. Anauza samaki na chipsi. Spiro alikuwa anafunga milango ya magari kiwandani mpaka kiwanda chenyewe kikafungwa, na tangu siku hiyo haambiliki kitu kuhusu gari. Mimi ni kinyozi, nimezoea kusikiliza upuuzi na kuuongezea wangu. Jumamosi hiyo rafiki yetu Nev Trezise alikuja na gari lake la rangi ya machungwa, lile la silinda nane, akaegesha mbele yetu na kushuka kama mtu anayetoka msibani.

Tulijua ana siku kubwa. Jioni ile ilikuwa dansi ya kumaliza shule ya binti yake, Tahlia, na hapa kwetu siku hiyo mtoto hapelekwi kimyakimya. Mtaa mzima hujipanga nje ya ukumbi kuangalia nani kashuka kwenye gari gani. Tahlia aliahidiwa kupelekwa na gari hilo tangu anang'oka meno ya utoto. Kwa ajili yake Nev alikuwa ameshinda gereji siku nzima ya jana akifunga mabomba mapya ya ekzosi na chujio kubwa la hewa, ili watu wamsikie binti kabla hawajamwona.

– Taa ya injini imewaka, akasema.

– Inawaka na kuzima? nikamuuliza.

– Hapana. Imetulia tu, inanikodolea jicho.

Akatueleza kuwa gari linavuta vizuri na joto liko sawa. Lakini mafundi walikuwa wamefunga tangu mchana, na shemeji yake mwenye mashine ya kupimia magari alikuwa amekwenda kuvua samaki. Nev alisema wazi kwamba kama hajui taa inataka nini, hampakii mtoto wake. Lizimike njiapanda mbele ya shule nzima, halafu Tahlia alikumbuke hilo mpaka anazeeka? Nikamwonea huruma. Nikamsogezea nafasi akae.

Mimi nikaanza kwa unyenyekevu. Nikasema atakuwa amelowesha chujio jipya kwa mafuta mengi mno, yakadondokea sensa ya hewa, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini.

– Kinyozi huyu kila kitu anakipaka mafuta, akasema Kadogo. Hapo kuna buibui, bwana. Kaona bomba jipya, safi, kubwa, akahamia. Saa hizi ana watoto mia mbili juu ya sensa.

– Tangu jana? akauliza Nev.

– Buibui hapangi foleni ya nyumba kama sisi.

Nev akainuka kwenda kufungua boneti. Akachungulia, akapuliza, akapiga bomba kwa kiganja. Buibui hakuwepo. Kadogo akasema kama haonekani basi ndio kaingia ndani zaidi.

Spiro akaweka paketi yake chini, na Spiro akiweka kahawa chini ujue anapasha moto. Huyu ndiye aliyemuuzia Nev gari hilo, kwa hiyo tulimwachia uwanja.

– Nyinyi mnatafuta ugonjwa, akasema. Gari haliumwi. Lina huzuni.

– Huzuni ya nini tena? nikauliza.

– Lilitengenezwa hapa, wiki za mwisho za kiwanda. Watu walikuwa wanafunga nati huku wanalia. Unadhani chuma hakisikii? Jana Nev kalivisha mabomba yaliyotoka ng'ambo, hayajui hata jina la mtaa huu. Limenuna.

Nilicheka mpaka kahawa ikanitoka puani. Ila Nev hakucheka, na hapo ndipo nilipojua hofu imemwingia kweli. Alitoa spana mfukoni akasema anavua vyuma vyote vipya, sasa hivi, hapo hapo. Tukamwambia muda hautoshi. Basi Kadogo, kwa moyo mweupe kabisa, akajitolea gari lake la kazi.

– Nimeliosha jana. Harufu imebaki kidogo tu.

Gari la Kadogo limechorwa samaki ubavuni, amevaa kofia ya mpishi na anajikaanga mwenyewe huku anacheka. Nev alimtazama yule samaki muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono kupokea funguo, na sisi sote tukanyong'onyea.

Hapo ndipo Tahlia alipotokea akitoka saluni ya jirani, vibanio kichwa kizima, kucha hazijakauka, mikono kaitanua asiguse kitu. Baba yake akamweleza habari yote, na buibui wake, na huzuni yake. Mtoto akasikiliza kwa adabu.

– Baba, jana kabla hujafunga hivyo vyuma, hiyo taa ilikuwa imezima?

Nev akajikuna kisogo kwa spana.

– Sijui.

– Hujui vipi? Unaliendesha kila siku.

– Juu ya hiyo taa palikuwa na tepu. Tepu nyeusi ya umeme. Nimeibandua leo asubuhi, nilikuwa nafuta dashibodi ipendeze kwa ajili yako. Siku zote nilidhani inaziba ufa.

– Nani aliibandika?

– Nimelinunua likiwa nayo, akasema Nev, na shingo yake ikageuka polepole upande wa Spiro.

Spiro alikuwa anachungulia ndani ya mrija wa kahawa yake.

– Msinitazame hivyo, akasema. Na mimi nimelinunua likiwa nayo. Mimi nilibadilisha tepu tu. Ile ya zamani ilikuwa imeanza kukunjamana.

Kadogo alicheka mpaka benchi likalia. Nev akamwita Spiro mwizi, mwongo na rafiki yake kipenzi kwa pumzi moja, akamkumbatia kwa nguvu, spana bado mkononi. Tahlia akangoja tutulie.

– Kwa hiyo hapa hakuna mtu aliyewahi kuiona hiyo taa imezima?

Tukatazamana, wanaume wanne wenye mvi. Kadogo akakoroga kahawa kwa mrija, ingawa paketi yake ilikuwa tupu.

– Sawa, akasema Tahlia. Basi imewaka miaka yote na gari linatembea. Nakwenda kutolewa vibanio. Baba, mrudishie mtu funguo za samaki wake, na nikitoka humo nataka kulisikia linanguruma.

Nev akarudisha funguo, akaingia garini, akawasha. Vioo vya duka la mikate vikatetemeka, na kule saluni wanawake wakashangilia.