Mama Pindo Aiaga Cherehani Yake

Tarehe 30 Juni, Mama Pindo atafunika cherehani yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha ushonaji cha hospitali yetu. Mashuka, mapazia, magauni ya chumba cha upasuaji: yote yamepita mikononi mwake. Jina hilo tulimbandika sisi, maana hakuna pindo lililokwenda kombo likasalimika mbele yake.

Miaka kumi na miwili iliyopita, sindano ilikatika na kipande kikamchoma jicho la kulia, lile alilolitegemea, kwani la kushoto lilikuwa hafifu tangu utotoni. Kidonda kilipona, lakini kikaacha kovu kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Miwani haikumfaa kitu. Kila alichokitazama kilionekana kimekunjamana. Ndipo daktari wa macho akampimia lenzi ngumu, ndogo kuliko kifungo cha shati, ya kuvaa juu ya jicho lenyewe.

Kuivaa kulikuwa mtihani. Kidole chake kikikaribia tu, jicho linafumba. Mumewe, dereva mstaafu, akajifunza. Kila asubuhi alinawa mikono, akamkalisha karibu na dirisha la jikoni, akamwekea. Siku ya kwanza kuja nayo kazini, Mama Pindo alinyanyua shuka na kufoka, "Nani kashona takataka hii?" Tukamwambia ni yeye. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Mwaka jana mumewe alifariki. Mama Pindo alijaribu kuivaa lenzi mwenyewe. Machozi yakaisukuma nje. Mpiga pasi wetu, shoga yake wa siku nyingi, akajitolea kumsaidia. Akakataa: "Ahsante, dada, lakini mkono ule nilikuwa nimeuzoea." Akawa anashona kwa kupapasa, akifumua na kurudia, hadi akaomba kustaafu kabla ya wakati wake. 

Wiki iliyopita aliingia na kikopo cha lenzi, akaketi mbele ya mpiga pasi. "Niwekee, mwenzangu. Nisije nikaondoka sijawaona." Mpiga pasi akanawa mikono, akamwekea. Mama Pindo akatutazama mmoja mmoja, taratibu.

Ahsante, mama yetu, kwa kila mgonjwa uliyemsitiri. Nenda salama. Tunakuombea utulivu wa moyo, na watu wapole wa kukushika mkono kila uamkapo.